Serikali Nayo Ionyeshe Cheti



Mapema Desemba 2021 nilikuwa kwenye foleni nje ya ofisi moja ya serikali hapa Mombasa. Joto la kaskazi lilikuwa limeshapamba moto na kivuli kimetuhama. Mbele yangu alisimama bibi mmoja wa makamo ya mama yangu, kajitanda leso yake vizuri, amekuja kufuatilia pensheni ya marehemu mumewe. Alipofika mlangoni bawabu akamwambia, kwa adabu kabisa, "Bibi, naomba cheti cha chanjo."

"Nimechanjwa, mwanangu. Mara mbili."

Akafungua fundo kwenye pindo la leso, pale ambapo mama zetu huweka nauli, akatoa kadi ndogo iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na jina la chanjo, namba ya shehena, tarehe mbili na sahihi ya muuguzi. Bawabu akaitazama, akairudisha. Akasema hiyo siyo. Inatakiwa ile ya kuchapishwa kutoka kwenye tovuti, yenye kile kimraba cha vitone kinachosomwa kwa simu.

Nikamwachia mtu nafasi yangu, nikavuka naye barabara hadi saiba. Kijana wa saiba akaingiza namba ya kitambulisho. Hakuna rekodi. Akajaribu tena, hakuna. Nikaichukua kadi nikailinganisha na kitambulisho, tarakimu kwa tarakimu, ndipo nikaona: mbili za mwisho zilikuwa zimepishana. Siku ile ya chanjo mtu aliandika 47 mahali pa 74. Labda alikuwa amechoka, labda foleni ilikuwa ndefu. Kwa kosa hilo la kalamu, mwanamke aliyetii kila alichoambiwa akawa mbele ya serikali yake ni mtu ambaye hajachanjwa. Akaikunja kadi yake, akaifunga tena kwenye pindo, akatafuta tuktuk ya kumrudisha nyumbani.

Kabla sijaendelea, niseme nilipo. Mimi nimechanjwa, na niliwahimiza jamaa zangu wote wachanjwe. Nimezika watu kwa ugonjwa wa Korona. Anayetafuta leo hoja ya kuipinga chanjo hataipata kwangu. Ninalotaka tuliangalie ni swali ambalo sikumwuliza bawabu siku ile, maana naye ni mtu wa kutumwa: nani aliyekupa mamlaka ya kumrudisha bibi huyu?

Tuifuate karatasi, hatua kwa hatua. Bawabu aliagizwa na mkuu wa ofisi. Mkuu wa ofisi alisikia tangazo, hakungoja tarehe yake ifike. Na tangazo lilitoka kwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, tarehe 21 Novemba 2021. Siku hiyo alisema kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba, anayetaka huduma za serikali ana kwa ana sharti awe amekamilisha chanjo na awe na uthibitisho mkononi. Zikatajwa huduma za ushuru, elimu, uhamiaji, leseni za uchukuzi, bandari, hata kwenda kumwona mgonjwa hospitalini au ndugu aliye gerezani. Hoteli na mikahawa inayohudumia watu wengi nayo ikaingizwa humo. Wenye matatu na bodaboda hawakusazwa.

Sasa panda hatua moja zaidi, msikilizaji. Waziri aliipata wapi nguvu hiyo? Hapo ngazi inakatika. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 94, ibara ndogo ya tano, inasema hakuna mtu wala chombo chochote, isipokuwa Bunge, chenye uwezo wa kuweka jambo lenye nguvu ya sheria, labda kiwe kimepewa uwezo huo na Katiba yenyewe au na sheria. Na ipo sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni zinazotungwa na mawaziri, inayotaka kanuni ikishachapishwa ifikishwe bungeni ndani ya siku saba za vikao, isipofikishwa inakufa. Wabunge waliiweka sheria hiyo kwa sababu walijua tabia ya ofisi kubwa. Lakini tangazo likisomwa mbele ya kamera halijawa kanuni bado, na lisipokuwa kanuni hakuna cha kupeleka bungeni. Ndivyo Bunge lilivyopitwa. Hakuna aliyelifungia mlango. Jambo lenyewe halikupita njia ya mlango wake.

Na wakati ule hali ilikuwaje? Chanjo za kwanza zilitufikia Machi 2021, dozi milioni moja na ushei za AstraZeneca, kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Miezi minane baadaye, tangazo linatolewa, Wakenya watu wazima waliokamilisha chanjo walikuwa kiasi cha mmoja katika kila kumi. Tisa katika kumi waliambiwa wana siku thelathini. Na katika hao tisa wamo watu wa vijiji ambako jokofu la chanjo liko safari ya nusu siku kwa pikipiki. Mtu wa namna hiyo hakuikataa chanjo, chanjo ndiyo haikumfikia. Haya yangeulizwa mapema na mbunge yeyote anayelijua jimbo lake, kama waziri angesimama mbele ya kamati na kutakiwa aeleze: dozi zilizopo ni ngapi, vituo viko wapi, asiye na simu atapataje cheti, na rekodi ikikosewa inasahihishwa na nani, kwa siku ngapi? Hilo swali la mwisho ndilo lililokuwa la bibi yangu wa pensheni.

Hayakuulizwa bungeni. Yalifika mahakamani. Jumanne ya tarehe 14 Desemba 2021 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilisimamisha agizo lile kwa muda, baada ya mwananchi kulipinga, wiki moja kabla halijaanza kazi.

Siku hiyohiyo, msikilizaji, Jumanne hiyohiyo ya tarehe 14 Desemba, wabunge wa Uingereza walikuwa wameketi London wakipigia kura jambo lilelile. Serikali ya Boris Johnson ilitaka watu waonyeshe cheti cha chanjo, au kipimo cha kuonyesha hawana virusi, wanapoingia kwenye vilabu vya usiku na mikusanyiko mikubwa. Walisimama mmoja mmoja, wakapinga, wakaunga mkono. Karibu wabunge mia wa chama cha waziri mkuu mwenyewe walimgeuka. Alishinda kwa kura 369 dhidi ya 126, na alishinda kwa sababu upinzani ulimbeba. Na kanuni ile ilizaliwa na tarehe yake ya kufa: iliandikwa ndani yake kwamba ikifika tarehe 26 Januari 2022 imekwisha, na ikaisha.

Simtukuzi Mwingereza. Kanuni zile zilifika mbele ya wabunge wakati hazijakauka wino na kesho yake zikaanza kazi. Mwezi Juni mwaka huohuo kamati moja ya bunge lao ilikuwa imeshasema wazi kwamba serikali haijaonyesha sababu ya kutosha ya kuwa na vyeti hivyo, na serikali ikaendelea na safari yake. Lakini mtu wa Leeds akitaka kujua leo mbunge wake alisimama upande gani, jina liko kwenye kumbukumbu. Mtu wa Kisauni akiuliza mbunge wake alisema nini kuhusu cheti, atatafuta wapi? Hakukuwa na kura. Kwa hiyo hakuna jina.

Nimelikalia sana hili la cheti kwa sababu linafanana mno na lile la fedha za Korona. Katika moja serikali ilimdai mwananchi karatasi, katika jingine mwananchi aliidai serikali karatasi, nayo ikachelewa kuitoa.

Turudi nyuma, mwaka 2020. Mgonjwa wetu wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi. Wiki mbili baadaye kafyu ikaanza, na jioni yake ya kwanza sisi wa Pwani tunaikumbuka kwa kivuko cha Likoni, watu waliokuwa wakikimbilia nyumbani wakapigwa marungu na kufukizwa mabomu ya machozi. Kutovaa barakoa kukawekewa faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Kwa mchuuzi wa viazi karai, shilingi 20,000 ni mtaji wote pamoja na karai lenyewe.

Miezi hiyohiyo nilikuwa na jirani muuguzi. Kila asubuhi nikitoka nje nilikuwa naziona barakoa zake tatu kwenye kamba ya nguo, zile ngumu nyeupe, zinaning'inia kwa mpira kando ya sare za shule za wanawe. Kwenye ukingo wa kila moja ameandika kwa kalamu ya wino herufi chache: Jtt, Jnn, Jtn. Nikamwuliza ni za nini. Akasema, "Ndizo nilizopewa, kaka. Nazizungusha. Ya Jumatatu inapumzika mpaka Alhamisi." Aliyasema hayo huku anabana nguo na vibanio, hakulalamika hata kidogo, na ndiyo sababu sijayasahau.

Basi shikilia kamba ile ya nguo akilini, halafu twende kwenye bohari za KEMSA, mamlaka inayosambaza dawa na vifaa vya matibabu nchini. KEMSA ilitumia shilingi bilioni 7.8 kununua vifaa vya Korona. Agosti 2020 wanahabari walianika mambo, mkurugenzi mkuu na wakuu wenzake wawili wakasimamishwa kazi, na Rais Uhuru Kenyatta akawapa wachunguzi siku 21 wawe wamemaliza. Septemba, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, akatoa ripoti maalumu. Ilisikitisha kuisoma. Kampuni ziliandikiwa barua za kuahidiwa kazi wakati taratibu za ununuzi hazijakamilika. Vitu vilinunuliwa bila zabuni ya wazi, kwa bei iliyopita ya soko. Kampuni moja iliyosajiliwa Januari 2020, miezi miwili hivi kabla ya mgonjwa wa kwanza, iliandikiwa barua ya kuleta mavazi 450,000 ya kujikinga, yale tuliyozoea kuyaita PPE, kwa shilingi 9,000 kila moja. Piga hesabu: zaidi ya bilioni nne. Barua hiyo baadaye ilifutwa. Lakini shehena nyingine zilikwishaingia, bei zikashuka sokoni, na mali ya mabilioni ikalala bohari ikila vumbi kwa sababu hospitali za kaunti hazikuwa na uwezo wa kuinunua kwa bei iliyonunuliwa.

Jirani yangu alikuwa anaanika barakoa ya Jumatatu, na barakoa zilikuwepo. Desemba ya mwaka huo daktari kijana aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa Korona alikufa kwa ugonjwa huohuo, miezi imepita mshahara wake haujaingia. Madaktari na wauguzi wakagoma. Tuliwaona barabarani na mabango, wengine kati yetu tukawaita wasio na utu. Leo nasema tuliwakosea.

Je, Bunge lilikuwa wapi? Hapa sitaki kuwaonea wabunge, kwa sababu walifanya kazi. Seneti iliunda kamati maalumu ya Korona chini ya seneta Johnson Sakaja mapema kabisa, mwisho wa Machi 2020. Kamati ya uwekezaji wa umma ya Bunge la Kitaifa, iliyoongozwa na Abdulswamad Nassir, mbunge wetu wa Mvita wakati ule, iliwaita wakuu wa KEMSA na wenye kampuni, mmoja baada ya mwingine. Nilifuatilia vikao vile redioni na kwenye televisheni. Mtu aliyepewa tenda ya mamilioni anaulizwa kampuni yake iliwahi kuuza nini kabla ya hapo, anajikohoza. Mkurugenzi aliyesimamishwa aliwaambia wabunge kwamba aliagizwa na wakubwa wa wizara. Wakubwa wa wizara wakakana.

Hapo pananiuma kuliko pote. Mabilioni ya umma yalihama, na baadaye wakubwa walikuwa wakibishana nani alimwambia nani. Mtu mzima mwenye cheo anaweza kusema, "Niliambiwa kutoka juu," na huko juu wakasema hawakumwambia. Lakini bibi mwenye kadi iliyosainiwa na muuguzi hakuaminiwa kwa sababu ya tarakimu mbili.

Kazi ya kamati ilikuwa nzuri, ila ilikuja fedha zimeshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Wala si kwa uvivu wa wabunge tu, utaratibu wenyewe ndivyo ulivyo. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni. Katiba inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita kutoa ripoti. Halafu inalipa Bunge miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Shilingi iliyotumiwa Aprili 2020 ingefika mezani kwa wabunge, mambo yakienda sawa kabisa, mwanzoni mwa mwaka 2021. Ugonjwa uliokuwa ukiongeza wagonjwa kila wiki haukungoja kalenda hiyo. Serikali inaruhusiwa na kifungu cha 223 kutumia fedha za dharura kwanza na kuomba idhini baadaye, na ni haki iwe hivyo, nyumba ikiungua huwezi kuitisha mkutano wa kuchagua ndoo. Tatizo ni kwamba mwenye ndoo hakutakiwa aseme kila wiki amechota mara ngapi na kwa bei gani.

Na dawa yake ilipatikana. Kamati ile ya Seneti iliandika mswada wa mwaka 2020 wa kukabili na kusimamia majanga ya maradhi. Mswada huo haukuwahi kuwa sheria. Mtu anaweza kuniuliza: kwa hiyo nani aliyelazimisha hesabu za Korona zikaguliwe? Sehemu ya jibu inatia uchungu. Mei 2020 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitukopesha dola milioni 739 za dharura, na katika barua ya kuomba mkopo ule serikali yetu iliahidi kwamba matumizi ya Korona yatakaguliwa na ripoti itatolewa hadharani. Mkopeshaji aliomba cheti, akaahidiwa. Aprili 2021, mkopo mwingine wa zaidi ya dola bilioni mbili ulipopitishwa, Wakenya kwa malaki walitia sahihi mtandaoni wakilisihi shirika lilelile lisitukopeshe zaidi. Fikiria hali ya watu wanaoandikia Washington kuhusu kodi yao wenyewe, na Bunge lao liko Nairobi, hatua chache tu kutoka Hazina ya Taifa.

Majirani zetu Tanzania walipata mkopo kama huo Septemba 2021, wakapanga matumizi ya shilingi zao trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga madarasa. Watu huko waliyaita madarasa ya UVIKO, jina lao la Korona. Mkaguzi ana ya kwake ya kuyachunguza, lakini mzazi naye anaweza kwenda shuleni akahesabu milango na madawati. Sisi bilioni zetu 7.8 mzazi wa Likoni azihesabie wapi? Na hata huko London, wenye bunge kongwe, wizara ya afya ilikiri kwamba vifaa vya kujikinga vya mwaka mmoja vimepoteza thamani ya pauni bilioni 8.7. Walikuwa na njia ya pembeni kwa kampuni zilizopendekezwa na wabunge, mawaziri na maofisa wakubwa, na kampuni iliyopita njia hiyo ilikuwa na nafasi mara kumi zaidi ya kupata kandarasi. Habari za njia hiyo ziliandikwa na wakaguzi wao wenyewe Novemba 2020, wakati manunuzi bado yanaendelea, na kamati ya hesabu ikazishikilia. Wizi na upotevu haukosekani popote penye pupa. Ninachokitamani ni kile kitendo chao cha kusoma hesabu moto ungali unawaka.

Kwa hiyo nina ombi kwa wabunge wetu, na si kubwa. Ule mswada wa majanga uchukuliwe ulikolala, upanguswe vumbi. Uandikwe humo kwamba amri yoyote inayomzuia mtu huduma ya serikali kwa sababu ya maradhi iletwe bungeni ndani ya siku saba, iwe na tarehe ya mwisho, na iseme aliyekosewa rekodi aende wapi. Uandikwe kwamba kila baada ya siku 14 za dharura, wizara itaweka mezani orodha ya ilichonunua, kwa nani, kwa bei gani, na kimepelekwa hospitali gani. Na kiongozi akitoa agizo la ununuzi atie sahihi yake, maana kifungu cha 226 cha Katiba kimeshasema anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria atalipa mwenyewe hata akiwa ametoka ofisini. Kifungu hicho kina meno, lakini bila sahihi hayana pa kuuma.

Jirani yangu muuguzi yupo, bado yuko kazini. Barakoa aliziondoa kambani zamani.

Na bibi yangu wa pensheni nilimpa namba yangu siku ile ya saiba. Nilikwenda mwenyewe na kadi yake mpaka kituo alichochanjwa, wakaniandika kwenye daftari, wakasema tungojee. Alinipigia Machi 2022, siku chache baada ya serikali kuondoa masharti ya barakoa, wakati hakuna tena mlango wowote Mombasa uliokuwa ukidai cheti. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu yake, naye hasomi herufi ndogo, akaomba mjukuu anisomee. Namba ilikuwa sahihi, 74. Akachukua simu kutoka kwa mjukuu, akaniuliza, "Sasa hiki, mwanangu, nikipeleke wapi?"